Mlima Unaotoboka Ubavuni

Mara tatu ndani ya miaka 44 mlima Nyiragongo umewamwagia watu moto, na mara zote tatu moto huo haukupitia mdomoni. Tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, lava haikufurika ukingo wa kasoko, ulio mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Ilichomoza chini, mbavu za mlima zilipopasuka. Mgeni asiyelijua hilo alikuwa akipanda mpaka juu, akilitazama ziwa la moto kwa hofu kubwa, akishusha pumzi anapoondoka, kisha akiteremka huku akikanyaga mahali penyewe palipostahili hofu yake.

Nyiragongo uko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Ilitangazwa mwaka 1925, enzi za Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme wao Albert. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Safu ya Virunga ina milima minane ya volkano, na sita kati yake imetulia. Miwili iliyobaki, Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira, haijatulia hata kidogo. Inasimama katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mahali ambapo bara linavutwa huku na huku, ganda la dunia linanyong'onyea, na miamba iliyoyeyuka inapata upenyo wa kupanda.

Msomaji wa Tanzania anaufahamu mkono wa mashariki wa bonde hilohilo, wenye Ol Doinyo Lengai. Lava ya Lengai nayo ni nyepesi na hutiririka kama maji, lakini ni ya aina ya peke yake: joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, na mchana huonekana nyeusi kama tope. Ya Nyiragongo inapita nyuzi 1,000. Ina silika kidogo mno, na silika ndiyo inayoifanya lava ya milima mingine iwe nzito na itambae taratibu. Mlima wenye lava nyepesi kiasi hiki, wenye miteremko mikali namna ile, na wenye mji mkubwa miguuni pake, huupati pengine duniani.

Mji huo ni Goma. Kutoka katikati ya mji hadi Kibati, kituo cha walinzi wa hifadhi ambako safari ya kupanda huanzia, ni mwendo mfupi wa gari kuelekea kaskazini kwa barabara ya Rutshuru. Njiani utapishana na chukudu zinazoteremka: baiskeli za mbao zisizo na kanyagio, zenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa ukanda wa mpira. Kijana hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukining'inia nyuma, na mbele yake pamefungwa magunia ya makaa, viazi vya kijiji cha Kibumba au kabichi, mzigo unaompita yeye kwa uzito mara kadhaa. Breki ni kipande cha tairi kuukuu anachokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mji wa Goma umemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, na umefanya haki. Mzigo wa jiko la Goma umeteremshwa na watu hawa, kwa barabara hiyohiyo inayopita juu ya lava ya jana na chini ya lava ya kesho.

Nyumba unazoziona kandokando ya barabara zimezungukwa na kuta za mawe meusi. Ni mawe ya mlima. Wanaume kwa wanawake hukaa juani wakiyagonga kwa nyundo, makubwa kwa ajili ya misingi na uzio, madogo kwa ajili ya kokoto za zege.

Pale Kibati, uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kabla ya Mei 2021, wakati njia ilipokuwa wazi, wageni walikutanishwa hapo na walinzi wenye bunduki waliotangulia na kufunga msafara, na wapagazi waliobeba maji, chakula, makaa na mablanketi. Njia ina urefu wa kilomita 8 hivi na inapanda mita 1,500. Mwenye miguu mizuri huchukua saa nne, wengi huchukua tano au sita. Mwanzoni ni msitu, kijani kizito, udongo mwekundu unaoshika viatu mvua inaponyesha. Kisha msitu unakatika ghafla na unajikuta juu ya mto wa mawe, mamilioni ya vipande vyepesi vyenye matundu, vinavyoteleza na kulia chini ya soli. Hiyo ni lava ya mwaka 2002.

Wageni wengi walipumzika hapo, wakanywa maji, wakapiga picha kuelekea juu. Mimi nasema mahali hapa ndipo pa kukaa kitako na kutazama chini. Juu kidogo ya hapo, karibu na kilele kilichozimika kiitwacho Shaheru, ardhi ina nyufa zinazotoa mvuke. Ukisogeza kiganja unaona joto lenye unyevu, na kuzunguka mdomo wa ufa kumeota ukoka na kuvu kwa wingi, maana mvuke huo ndiyo maji yao. Ufa huu haukuishia hapa. Mwaka 2002 ulifunguka kwa urefu wa kilomita 13 hivi, kutoka ubavu huu wa kusini hadi kufika mjini penyewe, na lava ikatokea sehemu mbalimbali za ufa huo, nyingine zikiwa hatua chache tu kutoka nyumba za watu.

Baada ya hapo njia inakuwa kali. Miti inafupika, inabaki miti ya baridi yenye ndevu za ukungu na lobelia zilizosimama peke yake. Kipande cha mwisho ni mwamba mtupu, mwinuko ambao unaupanda kwa mikono na miguu, hewa ikiwa haba na upepo ukipiga. Ukingoni vilikuwapo vibanda vidogo vilivyoning'inizwa kwenye mteremko wa nje, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kulala watu wawili. Usiku baridi hushuka karibu na sifuri. Watu walitetemeka ndani ya mablanketi matatu, na mita chache kutoka kwenye vitanda vyao palikuwa na shimo lililowaka.

Shimo lenyewe lina upana wa kilomita 1.2 hivi. Kuta zake zinashuka wima, na ndani kuna matuta ya duara kama ngazi, kila tuta likiwa alama ya kimo ambacho ziwa la lava liliwahi kufikia. Chini kabisa, mamia ya mita kutoka ukingoni, ndipo lilipokuwa ziwa, lenye upana wa zaidi ya mita 200, miongoni mwa maziwa makubwa kabisa ya lava duniani.

Mchana lilionekana la kijivu, limefunikwa na moshi mara nyingi, na wapo waliovunjika moyo. Giza likiingia mambo yalibadilika. Uso wa ziwa ulikuwa na ngozi nyeusi, kama utando wa maziwa yaliyoepuliwa jikoni, na ngozi hiyo ilikatwakatwa na mistari myekundu inayong'aa. Vipande vilisogea. Kimoja kiliingia chini ya kingine, ukingo wake ukainama, ukameta, ukazama, na palipokuwa peusi pakawa rangi ya chungwa kwa sekunde kadhaa kabla ya kuganda tena. Mahali pengine gesi ilipasua uso wa ziwa na chemchemi ya moto ikaruka juu, ukaiona kwanza, ndipo sauti ikakufikia: mngurumo mzito wa mawimbi yanayopiga mwamba bila kupumzika. Mawingu juu ya kasoko yalipakwa wekundu, na wekundu huo ulionekana hadi Goma na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Watoto wa miji hiyo miwili wamekua wakiuona mlima ukiwaka usiku na wakaenda kulala.

Watu wa eneo hili hawakungoja wataalamu kuufikiria moto huo. Katika imani za kale za nchi jirani ya Rwanda, waliojiunga na ibada ya Ryangombe walikwenda baada ya kufa kuishi naye kwenye Karisimbi, mlima wenye baridi na theluji za hapa na pale. Wasiojiunga walitupwa Nyiragongo kuungua. Mtu aliyesimama ukingoni usiku hahitaji kuelezwa imani hiyo ilitoka wapi.

Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alithibitisha kwamba kilichokuwa kikiwaka mle ndani kilikuwa ziwa la kweli la lava, na miaka iliyofuata aliongoza misafara iliyoteremka ndani ya kasoko kwa kamba. Lakini ziwa hilo ni kitu gani hasa? Ni kichwa cha nguzo ya miamba iliyoyeyuka, inayoshuka ndani ya mlima. Kimo cha ziwa kikipanda, uzito wa nguzo nzima unazisukuma kuta za mlima kutoka ndani. Kuta hizo ni mawe yaliyorundikana, yamechoka kwa joto na yamechanwa na nyufa za zamani. Siku ukuta ukiachia, ziwa halipandi. Linashuka.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1977. Mbavu zilipasuka, na ziwa lililokuwapo kwa miongo kadhaa likakauka kwa muda usiozidi saa moja. Lava iliteremka kwa kasi iliyokadiriwa kuwa kilomita 60 kwa saa na zaidi kwenye miteremko mikali. Hakuna mtu anayekimbia kasi hiyo, wala ng'ombe, wala tembo. Hesabu rasmi ilitaja watu wapatao 70 waliokufa. Wengine wanaamini walikufa mamia, kwa kuwa vijiji vilifunikwa na hapakubaki cha kuhesabu.

Mwaka 2002 mlima ulionya. Mitetemeko ilisikika kwa siku nyingi, na wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, wakiwa na vyombo vichache na nchi yao ikiwa vitani, walisema kwamba jambo linakuja. Lilikuja asubuhi ya tarehe 17 Januari. Lava ilikata mji vipande viwili, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikapita sokoni na kuingia Ziwa Kivu ikichemsha maji. Karibu 13% ya mji ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi. Laki kadhaa walivuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi, na kwa kuwa lava mjini ilitembea polepole kuliko mtu, wengi mno waliokoka. Siku chache baadaye makumi ya watu walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka kwa joto la lava, walipokuwa wakichota mafuta. Wengi wa waliokimbia walirudi kabla mawe hayajapoa, wakaanza kujenga juu yake.

Mwaka 2021 mlima haukuonya. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, ubavu ulipasuka. Watafiti waliochambua rekodi za vyombo walikuta kwamba dalili za wazi zilianza dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka. Miamba iliyoyeyuka ilikuwa tayari imekaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo haikuhitaji kusukuma kwa siku nyingi na kutikisa nchi. Kwa maoni yangu hili ni jambo zito kuliko lolote lililojulikana kuhusu Nyiragongo katika karne hii. Mkondo mmoja ulikata barabara ya Rutshuru, ileile ya chukudu, na mwingine ukasimama pembeni mwa Goma, si mbali na uwanja wa ndege. Watu 32 walikufa. Wengine waliuawa na ajali za barabarani katika kukimbia, na wengine na gesi walipojaribu kuvuka lava ambayo kwa juu ilionekana imeshaganda.

Kisha ardhi ikaanza kutikisika mjini kwenyewe, kuta zikapasuka, na vipimo vikaonyesha kwamba miamba iliyoyeyuka imejipenyeza chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 470, na katika maji yake ya chini zimeyeyuka gesi nyingi ajabu: kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Rwanda inavuna sehemu ya methani hiyo kuzalisha umeme. Wataalamu walikumbuka Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambalo usiku mmoja wa mwaka 1986 lilitapika kaboni dayoksaidi na kuua watu wapatao 1,700. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, na laki za watu zikaelekea Sake na Gisenyi, watoto wengi wakipoteana na wazazi njiani. Ziwa halikulipuka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi hata hivyo, na wanaoubeza leo wanasahau kwamba waliotoa amri walikuwa na saa chache na taarifa pungufu.

Pungufu, kwa sababu kituo cha uchunguzi kilikuwa kimefifia. Ufadhili wa kigeni uliokiendesha ulikatika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata fedha za kulipia intaneti inayoleta taarifa za vyombo kutoka mlimani. Pengine hata kingekuwa na kila kitu, dakika 40 zisingetosha kuuhamisha mji wenye zaidi ya watu milioni moja. Lakini dakika 40 zinatosha kuwaondoa watu wa vijiji vilivyo karibu na nyufa, ikiwa yuko mtu wa kupiga king'ora na wao wanajua njia ya kukimbilia.

Mlima huu pia unaua bila kelele. Mabondeni magharibi mwa mji kuna mazuku, mashimo na vidimbwi vya kaboni dayoksaidi inayovuja ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutuama hasa alfajiri kabla ya upepo kuamka. Mbuzi huingia kula majani akaanguka, anayekwenda kumtoa anainama naye anaanguka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama mahali ambapo mtoto wake, mfupi kwa nusu mita, hawezi kupumua. Moshi wa kasoko nao huchanganyika na mvua. Kwa vile maji hayakai juu ya lava yenye matundu, familia nyingi hukinga ya paa, na maji hayo yanabeba floridi inayoharibu meno ya watoto. Mambo haya hayamo katika picha za wageni, ingawa ndiyo maisha ya kila siku ya mlima.

Ukisikia hayo yote utauliza kwa nini watu hawahami. Swali hilo huulizwa sana na watu wa mbali, na huwa na dharau ndani yake. Udongo wa majivu unaotoa viazi na maharage hauna mfano. Ziwa lipo, mpaka upo, soko lipo. Na mashariki mwa Kongo, kwa miaka 30 sasa, watu wamekimbilia Goma kutoka kwenye jambo lililo baya kuliko volkano. Mwaka 1994 laki nyingi za wakimbizi kutoka Rwanda zilipiga kambi juu ya lava hii, ngumu kiasi kwamba hapakuchimbika choo wala kaburi, na kipindupindu kikawafagia. Mwishoni mwa 2022 Kibati penyewe, pale wapagazi walipokuwa wakingoja wageni, palijaa waliokimbia vita. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Anayekimbia risasi hachagui aina ya mwamba atakaolalia.

Walinzi wa hifadhi nao wamelipa. Zaidi ya 200 wameuawa kazini tangu hifadhi ilipoanzishwa. Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda watalii waliotekwa, na hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi mwaka uliofuata. Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa katika shambulio moja. Kila aliyewahi kulitazama ziwa lile usiku alilitazama chini ya ulinzi wa watu hawa.

Baada ya Mei 2021 ziwa halikuwapo tena. Kasoko ilibaki shimo refu lenye vumbi, kuta zikiporomoka. Miezi ikapita, na satelaiti zikaanza tena kuona joto chini kabisa. Njia ya Kibati imefungwa, na kwa hali ya usalama ilivyo hakuna mwenye akili timamu anayepaswa kumshauri mtu aipande.

Itakapofunguliwa, nenda. Lipa kibali kwa hifadhi yenyewe, lipa mpagazi wako vizuri, na vaa nguo za baridi. Ukifika kwenye lava ya 2002, simama, geuka, uitazame Goma kutoka pale ufa ulipoanzia. Ukishashuka, ongeza siku moja mjini: uliza watu wa mtaa wao hukimbilia wapi mlima ukipasuka, na tembelea kituo cha uchunguzi ikiwa kinapokea wageni. Nanyi mlio serikalini na katika mashirika, lipieni vyombo vya kituo hicho, umeme wake, intaneti yake na mishahara ya wataalamu wake kila mwaka, mlima ukiwa umelala au ukiwa macho.